Siku Wasiyochimba

Katika lango la Hifadhi ya Dakadima hakuna aingiaye na viatu vyake. Mgeni huvua, hukung'uta miguu, kisha hupewa makubadhi ya hifadhi, bapa kama chapati, yasiyoacha alama mchangani. Mkamburi Mwakio aliyajua makubadhi hayo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni yeye aliyeyapendekeza miaka thelathini na moja iliyopita, alipokuwa mpima ardhi mwenye magoti mazima. Sasa alikuwa na miaka sitini na tisa, na kuyavaa tu kulimchukua muda wa chai kuchemka.

Talaso Godana, mlinzi wa hifadhi, alimngoja bila kumharakisha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa jangwa hilo hilo, na kila tarehe tisa Septemba, kwa miaka tisa mfululizo, ndiye aliyemsindikiza Mkamburi ndani ya korongo. Walikuwa wameshazoeana kiasi cha kunyamaza pamoja bila kuona taabu.

"Magoti yanasemaje, mama?" aliuliza Talaso.

"Yanasema tungekuwa na akili tungebaki Voi."

Mwaka huu hakuja kutembea tu. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua ya hifadhi, na ili kuielewa barua hiyo lazima kwanza mtu awaelewe mchwa.

Miaka ile mvua za jangwa zilikuwa zimeharibika tabia. Hazinyeshi miaka mitatu, kisha zinamwagika zote kwa siku moja, na kila zikimwagika ukuta mmoja wa Dakadima unaporomoka. Korongo lililochongwa kwa miaka isiyohesabika lilikuwa linaliwa watu wakitazama. Ndipo wakaletwa mchwa. Si mchwa wa kweli. Ni vimashine vidogo kama punje ya mchanga, mamilioni kwa mamilioni, vinavyojificha katika nyufa za miamba na kuishi kwa joto ambalo jiwe limelihifadhi tangu mchana. Kila alfajiri hutoka, huilinganisha ardhi na picha moja waliyopewa, picha inayojua kila punje ilipo, na chochote kilichohama hukirudisha. Jiwe lililoanguka hupandishwa. Jina alilochonga mgeni mkorofi hufutika. Jua likichomoza, Dakadima ni ile ile ya siku ilipopimwa.

Picha hiyo waliipiga watu wawili, Mkamburi na mwenzake wa kazi aliyeitwa Mwandoe, na viganja vyao viwili ndivyo vilivyokuwa muhuri wake. Mwandoe alikuwa ameshafariki. Barua ilisema kwamba kabla mwezi haujaisha, mwenye kiganja kilichobaki achague moja: aifunge picha milele, au afungue kwanza kipande chochote anachoona kina kosa. Baada ya hapo hakuna mkono wa binadamu utakaoigusa tena.

Mkamburi alikuja kuifunga. Alikuwa ameamua hivyo tangu Voi, na sababu yake ilikuwa imelala chini, katika kipande cha mia moja na kumi na mbili.

*

Mdomoni mwa korongo, kama kila mwaka, wafugaji walikuwa wameketi na mifugo yao kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa mashariki. Waliinuka kumsalimia. Wanawake wazee walimshika mkono kwa mikono miwili, wakamwuliza habari za nyumbani, za mvua ya huko, za safari. Mwaka huu aliona ngamia wamelala badala ya kusimama, na mbuzi wamekonda hadi unaweza kuwahesabu mbavu. Makoleo yalikuwa yameegemezwa ukutani, makavu. Bibi mmoja alimletea maji nusu kikombe cha bati, na Mkamburi, kwa kuwa kukataa ni utovu wa adabu, akayanywa yote hadi tone la mwisho, akashukuru, akapita.

Halafu korongo likamfumbata. Kuta zilipanda pande zote mbili, nyekundu kama vyungu vilivyotoka tanuruni, zikiwa na mistari ya udongo mweupe ambayo aliijua kama mtu anavyojua mikunjo ya shuka lake. Pale kwenye kona ya tatu lilikuwepo jiwe walilolibatiza Mlevi, limeinama juu ya njia likitaka kuanguka. Limekuwa likitaka kuanguka kwa miaka thelathini na moja. Mwandoe hakupita chini yake hata mara moja bila kuliambia pole. Mkamburi naye akaliambia pole, kwa niaba ya wawili.

Hilo ndilo alilolipenda kuhusu Dakadima, na hakuona haya kulisema. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa imevunjwa, shule yake ilikuwa imehamishwa, na mlima wa utoto wake, ule uliokuwa ukivaa ukungu kila asubuhi, sasa ulikuwa kichwa wazi mwaka mzima. Lakini hapa kila kitu kilimngoja. Duniani kote palibaki mahali pamoja tu ambapo alikuwa bado na miaka thelathini na minane.

Walifika saa nne. Kipande cha mia moja na kumi na mbili kilikuwa sakafu ya korongo chini ya ukuta mrefu kuliko zote, uwanja wa kutosha ngamia ishirini kulala. Katikati yake, kwenye udongo uliokauka na kushika kama saruji, zilikuwepo nyayo.

Zilikuwa za watu wawili wasio na viatu. Nyayo pana za mwanamume zilitoka upande wa nguzo ya vipimo, na nyayo ndogo za mwanamke zilitoka upande wa hema. Zilikutana. Zilisimama zikitazamana, vidole kwa vidole. Na hapo zilipotazamana, zile ndogo hazikuwa na visigino. Vilikuwa vidole tu vilivyozama, kwa sababu Mwandoe alikuwa mrefu, na mtu akitaka kumfikia ilibidi ajiinue.

Watu wazima, wenye vyeo vyao, wenye barua za serikali mfukoni. Ujana ulikuwa umeshafunga virago kwa wote wawili, na kwa miezi minne walikuwa wamepimiana miamba na kuitana "mhandisi" na "bi mpimaji" kwa heshima ya kuchosha. Siku ya picha kubwa kila kitu kilitakiwa kiwe safi. Walikuwa wameshafagia kipande kizima, na mashine ilikuwa ikihesabu dakika zake kumi na tano kabla ya kufungua jicho. Mwandoe akavua viatu ili asiharibu kazi, akaja na fimbo ya vipimo begani, akasema kuna jambo alitaka kuliuliza kabla picha haijapigwa, maana baada ya hapo wangetawanyika. Mkamburi hakumwachia hata alimalize swali.

Walipokumbuka mashine, jicho lilikuwa limeshafunguka na kufunga. Walicheka hadi wakakaa chini. Ilikuwa kosa la kazi, kosa la kufukuzisha mtu, nao wakaliandika kwenye ripoti kama "alama za asili". Wakaoana mwezi wa Disemba. Na tangu hapo, kila alfajiri, mchwa wa serikali waliamka na kutengeneza upya busu la watu wawili, punje kwa punje, kama jambo la lazima.

Mwandoe alipofariki, Mkamburi hakwenda sana makaburini. Alikuja hapa. Alikaa kando ya nyayo hizo toka saa nne hadi jua lipinde, akamsimulia marehemu habari za mwaka, nani kaolewa, paa la jikoni limevuja wapi, na aliporudi nyumbani aliweza kuishi tena mwaka mwingine.

*

Aliutoa muhuri mkobani. Ulikuwa kibao cha shaba chenye umbo la kiganja, na ulipogusana na nguzo ya kipande uliwaka mwanga hafifu wa kijani. Maneno yakatokea: Kufunga. Kufungua. Alikuwa ameshavua pete ya kidole cha kati ili kiganja kikae sawa.

"Mama," alisema Talaso. "Kabla hujaweka mkono, nikuulize jambo la kazi yako?"

"Uliza, mwanangu."

"Siku ile mliyopima, mvua ilikuwa imenyesha?"

"Mvua gani? Ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Tuliletewa maji kwa ndege."

"Basi tope lilitoka wapi?"

Mkamburi aligeuka kutoka kwenye nguzo. Akatazama nyayo. Kote kulikobaki sakafu ya korongo ilikuwa mchanga mkavu, mchanga usioshika hata alama ya nyoka. Hapa tu, mahali penye upana wa chumba kimoja, palikuwa na udongo ambao siku ile ulikuwa mbichi. Alikuwa amefanya kazi ya kusoma ardhi kwa miaka arobaini, alikuwa amekuja hapa mara tisa na kukaa kutwa nzima akipatazama, na hakuwahi kujiuliza swali hilo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejiuliza.

Talaso alichuchumaa kando yake, akaeleza polepole, macho yake yakiwa chini.

Palikuwa kisima. Kilikuwa cha ukoo wa babu yake, na kilichimbwa zamani ambazo hakuna aliyezikumbuka, kwa sababu chini ya ukuta huo ndipo maji ya korongo zima yanapojificha. Kipande hiki wapimaji walikifikia mwisho kabisa. Siku moja kabla ya picha walipita kwenye mahema wakawaeleza watu kwamba wanataka kulipiga picha korongo lilivyo, pasipo mkono wa mtu. Aliyeeleza alikuwa mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri na kofia ya majani, naye Mkamburi aliikumbuka kofia yake hiyo. Watu wakakaa, wakashauriana. Kwao mgeni akiomba jambo dogo, haombi mara mbili. Jioni ile mama yake Talaso na wenzake walikifukia kisima chao kwa mikono yao, wakakimwagia maji udongo ushike, wakausawazisha vizuri ili mgeni asione kovu. Siku moja si kitu, walisema. Kesho tutafungua.

Kesho yake walifungua, na kesho kutwa wakakikuta kimefukiwa. Wakafungua tena.

"Mlikwenda ofisini?" aliuliza Mkamburi.

"Walikwenda, miaka ile. Ofisini wakafungua picha. Wakasema hapa hapajawahi kuwa na kisima."

Basi watu wakajifunza kuishi na mchwa. Watu sita walianza kuchimba jua likichomoza, saa sita mchana wakayafikia maji, wakasimama mmoja juu ya mwenzake ndani ya shimo wakipokezana ndoo hadi magharibi. Alfajiri mchwa wakafukia, wakaziweka nyayo juu kama kawaida. Miaka thelathini na moja walichimba kisima kipya kila siku. Mama yake Talaso alizeeka nacho, akafa nacho. Taabu ilianza msimu uliopita, maji yaliposhuka.

"Sasa tunachimba mpaka jua linazama, tunapata mchanga wenye ubaridi," alisema Talaso. "Tungepata siku ya pili tungeyafikia. Siku ya pili hatupati."

Mkamburi alikumbuka ngamia waliolala, na makoleo yaliyoegemezwa ukutani. Kisha akakumbuka tarehe.

"Leo mbona hawachimbi?"

"Siku unayokuja hatuchimbi, mama."

"Kila mwaka?"

"Mtu anakuja kumsalimia marehemu wake. Utamwambiaje asogee uchimbe?"

Kuna aibu inayopanda usoni, na kuna ile inayoshuka hadi kwenye nyayo. Mkamburi alishikwa na ya pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Yeye alikuja mara kumi, na kila alipokuja mwenyeji alilala na kiu. Leo hii alikuwa amewanywea nusu kikombe.

Akajitetea, kama mtu yeyote angejitetea. Kwanza alikasirika. Akamwuliza Talaso kwa nini ameyasema leo, baada ya miaka tisa ya kutembea pamoja, kama si kwamba aliisoma barua. Talaso akakiri kwamba aliisoma, na kwamba ni yeye aliyeigonga muhuri wa ofisi na kuituma. Akasema alikuwa amekusudia kunyamaza hata hivyo, mpaka asubuhi hiyo alipomwona bibi yule akikamua kiriba cha ngozi kupata maji ya kikombe. Baadaye Mkamburi akaleta ufundi wake. Nyayo zingeweza kunakiliwa zikahamishiwa kipande kingine? Hazingeweza, kipande hukubali ardhi yake chenyewe tu, na sheria hiyo alikuwa ameiandika kwa mkono wake, tena kwa majivuno. Kisima kingeweza kuchimbwa hatua thelathini kando? Talaso alitikisa kichwa. Huko ni mwamba mtupu, walishajaribu kabla ya yeye kuzaliwa.

Talaso aliinuka akaenda kusimama mbali, akampa mgongo, ili mtu aamue pasipo kutazamwa.

Mkamburi alibaki na mumewe. Alitaka kumwambia jambo, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alihisi anazungumza na udongo. Alizisogelea nyayo, akavua makubadhi, akaweka mguu wake juu ya ule wake wa zamani. Haukuingia. Ulikuwa umevimba, umepinda kwenye gumba, umekuwa mguu wa mama yake. Akajaribu kujiinua kwa vidole. Goti likakataa, ikambidi ashike nguzo.

"Sikujua," alisema kwa sauti. "Na wewe hukujua."

Lakini Mwandoe, hata kama hakujua, alikuwa amehisi kitu. Akakumbuka jambo moja. Walipokuwa wakiandika kanuni za picha, Mwandoe aling'ang'ania kuwe na chaguo moja zaidi kwa kila kipande kinachofunguliwa: mahali pa kazi ya watu. Kipande cha namna hiyo hakipigwi picha mpya, na mchwa hawakigusi tena. Mkamburi alimcheka. Alimwuliza ni kazi gani hiyo ya watu katika jangwa tupu. Mwandoe akasema hajui, ila yeye hajawahi kuona mahali pazuri kiasi hicho pasipokuwa na mwenyewe. Walibishana siku mbili, Mkamburi akamwachia kwa kuchoka tu.

Alibonyeza Kufungua. Akashuka kwenye orodha hadi mwisho kabisa, na pale lilikuwepo, halijawahi kutumiwa na mtu. Aliweka kiganja. Muhuri ulisoma mara mbili kabla ya kukubali.

Ilichukua muda mfupi. Mchwa, ambao hakuna mgeni aliyewahi kuwaona mchana, walitoka katika udongo kama unga mwekundu unaometameta, wakatiririka kuelekea kwenye nyufa za ukuta, na kila walipoondoka ardhi ilitoa sauti ndogo ya kulegea. Upepo ulikuwapo. Ulikuwapo miaka yote, ila haukuwahi kupewa ruhusa. Ukingo wa unyayo mmoja wa Mwandoe ukabomoka, punje zikadondokea ndani.

Mkamburi alilia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika. Talaso alimsogelea akiwa na kanga mkononi, akasema wangeweza kungoja hadi upepo umalize wenyewe, jioni au kesho, hakuna anayemkimbiza.

"Waite," alisema Mkamburi. "Waje na makoleo. Mmeningoja vya kutosha."

Walipofika walisimama pembeni wakitazama chini, kila mtu akiona vigumu kuwa wa kwanza kukanyaga. Adabu ile ile. Mkamburi aliona kwamba akiwaachia, watasimama hapo mpaka magharibi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akapiga magoti, magoti yale yaliyotaka kubaki Voi, akatia mikono miwili mahali palipokuwa na vidole visivyo na visigino, akachota, akamwaga kando. Kisha akasogea, naye bibi wa kikombe akapiga magoti pembeni yake.

*

Hakuondoka siku hiyo. Alilala kituoni, na kulipopambazuka akaenda na Talaso bila kunywa chai.

Watu walikuwa wametangulia. Walikuwa wamesimama ukingoni, wakitazama shimo. Shimo lilikuwepo, na kina kile kile walichokiacha jana. Kijana mmoja mwenye ndevu, baba wa watoto watatu, alilitazama hivi na hivi kama mtu aliyekuta ng'ombe ambaye si wake zizini, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kuona jana ya kisima. Ndipo mtu akacheka, wakashuka.

Saa tano waliyafikia maji. Wimbo wa ndoo ulipanda kutoka chini ya ardhi, na ngamia, ambao hawajui kanuni za hifadhi, waliinuka wote kwa pamoja.

Mkamburi alikaa juu ya jiwe, makubadhi mkononi. Ukingo wa kisima ulikuwa tayari tope, tope la kweli, limejaa kwato na miguu ya watu. Karibu na mahali alipokaa, Talaso alikuwa juu kabisa ya mnyororo wa watu, akizipitisha ndoo kwa bibi aliyesimama juu ya gogo la birika la kunyweshea mifugo. Gogo lilikuwa limeinuka. Kila ndoo ilipofika ilibidi Talaso ajiinue, na alipohama, palibaki alama zake mbili topeni. Vidole tu. Visigino havikugusa.

Mkamburi alizitazama alama hizo kwa muda mrefu. Alitaka kumwita mtu amwonyeshe, na mtu wa kumwonyesha hakuwepo. Halafu nyuma yake akasikia mbuzi wanakuja, wengi, wakisukumana kwa kiu, wakielekea birikani kwa njia ile ile ya alama.

Akainuka, akawapisha.